Kamusi Iliyovutwa Hadi M

4 Machi

Mdogo wangu Kidole,

Salamu nyingi. Natumai wewe na wifi mko salama, na kwamba mgongo wako umetulia. Mimi sijambo. Goti la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, la kulia linalibeba mwenzake. Simu yako niliiona ikiita mara tatu siku ya ushindi na sikuipokea, maana kwenye simu unacheka kabla mtu hajamaliza sentensi. Kwa hiyo nakuandikia.

Hongera kwa nishani. Picha yako ya gazetini nimeikata na kuibandika ubaoni hapa kwenye chumba cha kusomea. Umeshika kitabu chako kichwa chini. Nadhani ni mimi peke yangu niliyeliona hilo.

Kitabu chenyewe sijakisoma. Kimefika Jumatatu na kimeingia kwenye foleni kama vingine. Utaratibu wangu unaujua: vitabu vya watoto vilivyopata tuzo navisoma asubuhi kabla sijafungua mlango, kimoja baada ya kingine, bila upendeleo. Mchana nasoma chochote. Wiki hii mchana nimesoma maelekezo ya cherehani, kitabu cha ufugaji wa nyuki, na karatasi iliyomo kwenye boksi la dawa yangu ya goti. Cha nyuki ni kizuri sana. Hakina mtu mbaya, na kila anayefanya kazi anatajwa.

Cha tuzo nilichomaliza jana kinahusu msichana anayehesabu mawingu. Kina nishani mbili kwenye jalada. Watu wazima watatu wamekirudisha wakiwa na macho mekundu. Watoto wanakitumia kuzuia dirisha lisijifunge. Kila kitabu changu, kama unavyokumbuka, nimekigandishia karatasi ndani ya jalada la nyuma ili mtoto akimaliza aandike mstari mmoja. Kwenye karatasi ya mawingu kuna mstari mmoja tu: "Mama yake yuko wapi muda wote huu?" Nami nilijiuliza hivyohivyo.

Sasa nieleze jambo moja. Tangu Jumatano watoto wananiita Bibi Kufuli. Nilimuuliza binti wa darasa la tatu jina hilo limetoka wapi. Akasema, "Kwenye kitabu cha mdogo wako. Si wewe ndiye unayefungia vitabu?" Nikamwonyesha kwamba mlango uko wazi. Hakuingia.

Ni mimi,
Dada yako


19 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na goti, na pole na hiyo karatasi ya dawa, mwisho wake huwa unahuzunisha. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema nishani inakusanya vumbi kuliko televisheni.

Kichwa chini! Dada, watu mia nne ukumbini, wapiga picha sita, waziri mzima, hakuna aliyeona. Wewe uko mwendo wa siku mbili na umeona. Nilicheka mpaka kiti kikalia.

Kuhusu Bibi Kufuli, usilichukulie hivyo. Ni hadithi. Hadithi inataka mtu wa kuogopwa, na mtu wa kuogopwa anataka kifaa mkononi. Kufuli lilikuwa pale kichwani mwangu, nikalichukua. Siyo wewe. Wewe huna meno marefu. Watoto watasahau mvua ikinyesha mara mbili.

Kipandishe kwenye foleni, tafadhali. Maoni ya majaji nimeyasikia, lakini tangu nijue kusoma, msomaji wangu wa kwanza ni wewe na penseli yako.

Mdogo wako,
Kidole


2 Aprili

Mdogo wangu Kidole,

Salamu kwako na kwa wifi. Mimi mzima, ila nina hasira, na daktari anasema hasira haihusiani na goti.

Zamu yake ilifika, nikakisoma. Kimeandikwa vizuri. Sentensi ni fupi na hakuna neno lililosimama bila kazi. Ndivyo nilivyokufundisha. Sasa nitaandika mambo kama yalivyokuwa, kwa sababu kwenye kitabu chako yamegeuzwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, wewe sita. Shule ilikuwa inajengwa upya na mwalimu wa maktaba akanikabidhi vitabu thelathini na kimoja nivitunze nyumbani mpaka muhula ufunguliwe. Nilitia sahihi. Baba alikuwa anavuta tumbaku ya kusokota, na karatasi za sokoni zilimwishia. Akaona kamusi. Karatasi ya kamusi ni nyembamba. Alianza na A, akiwa amekaa pale kizingitini saa kumi jioni, mguu mmoja nje, akichana ukurasa taratibu kama mtu anayemenya ndizi. Nilimwomba aache. Akasema kamusi haina hadithi, haitaumia. Alipofika M nilikwenda kwa fundi baiskeli nikamwomba kufuli kuukuu, nikalitia kabatini, na ufunguo nikauning'iniza shingoni kwa kamba.

Nawe nilikusomesha. Kila siku alasiri nilifungua kabati, nikatoa kitabu kimoja, tukasoma sura moja, wewe ukifuata mstari kwa kidole. Jina lako limetoka hapo. Kisha nikafunga. Kitabu tulichokuwa nacho mwishoni kilikuwa cha yule fuko anayechimba handaki chini ya mji. Unakikumbuka, nina hakika. Tulikuwa tumebakiza sura mbili siku ile kabati lilipokutwa wazi. Baba alivuta vitabu tisa kabla sijavificha vilivyobaki. Muhula ulipofunguliwa nilisimama mbele ya mwalimu na ishirini na viwili mkononi.

Kwenye kitabu chako dada ana meno kama reki na anafungia vitabu kwa uchoyo. Baba anaitwa Baba Taa, anamsomea mwanawe kila siku, na ana kikohozi cha upole. Mtoto anafungua kufuli kwa mpini wa kijiko na mtaa mzima unampigia makofi.

Karatasi ya nyuma ya kitabu chako imejaa. Nakunakilia mitatu. "Bibi Kufuli anatisha sana." "Baba Taa ni mzuri nataka wa kwangu." "Kwa nini huyo mtoto hakuomba tu?"

Watoto wa darasa la pili sasa wanamtuma mwenzao mmoja aingie achukue vitabu vya wote. Wengine wanasubiri nje ya mlango, kwa mstari, wananichungulia. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye dawati hili, na mstari ulikuwa ndani.

Nitakulipa, Kidole. Sijajua bado kwa njia gani. Sina silaha nyingi. Najua kusoma tu.

Dada yako


28 Mei

Dada,

Shikamoo. Sikujibu mapema, nisamehe, nilikuwa safarini nikisomea watoto mashuleni. Wifi yako alipata mafua, sasa nafuu. Goti vipi?

Barua yako niliisoma nimesimama. Sikubishii. Baba alivuta, sawa. Lakini Baba amelala kaburini mwaka wa kumi na tano huu, na mtoto anayesoma hahitaji kujua kwamba babu wa mtu alivuta kamusi. Anahitaji baba mwenye taa. Nilimpa Baba kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Ni dhambi? Na ili baba awe mwema, kufuli lilihitaji mwenye nalo. Hesabu ya hadithi ilikuangukia wewe. Mtu mwingine angefurahi kuwa kitabuni.

Kuhusu kabati kukutwa wazi, sikumbuki. Nilikuwa mdogo.

Dada, nina shida. Kwenye bahasha hii kuna muswada mpya. Ni wa mbwa wa miguu mitatu anayelinda stesheni. Mchapishaji anautaka baada ya wiki tatu, mchoraji ameshaanza, na mwaka huu majaji ni watoto wenyewe. Watoto hawadanganyiki, wewe ndiye uliyeniambia. Nakuomba upitie. Nikasirikie mimi, lakini mbwa hajakukosea. Piga penseli kila mahali kama kawaida yako.

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu Kidole,

Salamu kwako na kwa wifi. Mimi mzima.

Muswada nimeusoma. Naurudisha. Sikuandika kitu.

Dada yako


20 Juni

Dada yangu, dada yangu!

Shikamoo mara mia. Nimefungua bahasha, nikageuza kurasa zote arobaini na nane, nikazigeuza tena kuanzia nyuma. Safi! Hakuna hata nukta! Nilimwita wifi yako aje ashuhudie. Unakumbuka insha yangu ya darasa la nne uliyoirudisha ikiwa na penseli nyingi kuliko wino wangu? Unakumbuka barua yangu ya posa uliyoisahihisha kabla sijaipeleka? Na leo, nikiwa na miaka hamsini, dada amesoma na hakukuta kosa.

Wifi yako amenuna kidogo. Anasema, "Huyo dada yako ninavyomjua mimi, hata kadi ya mwaliko anaisahihisha. Mpigie umuulize." Nimemwambia ana wivu.

Nimeupeleka kwa mchapishaji leoleo. Nilimwambia mhariri, huu umepita kwa dada yangu, usipoteze muda wako. Naona umenisamehe kimyakimya, kama ulivyo. Asante.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kidole


15 Novemba

Dada,

Uliona.

Sitauliza hali. Uliona na ukanyamaza.

Jumamosi nilikuwa jukwaani, watoto mia mbili, walimu nyuma, mchapishaji pembeni ameshika maua. Nasoma kwa sauti, wanacheka panapotakiwa. Nafika ukurasa wa 31, Mbwa Tatu anampa mkuu wa stesheni mguu wake wa mbele wa kushoto wasalimiane. Msichana wa safu ya pili ananyoosha mkono.

"Samahani. Mguu huo si ulikatwa na treni ukurasa wa sita?"

Nikafungua ukurasa wa sita. Mbele, kushoto. Na mchoraji ameuchora mguu ukiwa haupo ukurasa wa sita na ukiwepo ukurasa wa 31, wenye kucha.

Yule mtoto akauliza, kwa upole kabisa, "Umeota tena?"

Basi. Ukumbi mzima, Dada. "Umeota! Umeota!" Wanapiga miguu sakafuni. Mmoja akapanda kwenye kiti akanyoosha mguu wake wa kushoto kunipa mkono. Mchapishaji aliweka maua chini. Majaji watoto walikaa dakika kumi wakakitoa kwenye orodha, na sababu wameiandika kwa mkono: "Mwandishi hakusoma kitabu chake."

Nakala zote zimerudishwa stoo. Nimemuuliza mhariri, akasema, "Si ulisema umepita kwa dada yako?"

Penseli ilikuwa mkononi mwako. Nieleze.

Kidole


24 Novemba

Mdogo wangu Kidole,

Salamu kwa wifi. Mwambie nimemheshimu zaidi.

Unataka nieleze. Niliuona mguu huo usomaji wa kwanza, asubuhi, saa moja na robo, chai ikiwa bado moto. Penseli ilikuwa mkononi. Niliiweka mezani, nikamaliza chai.

Nawe ungeweza kujua. Katika maisha yako yote hujawahi kupokea karatasi safi kutoka kwangu. Mtu akipata karatasi safi kutoka kwa mtu kama mimi, anapaswa kukaa chini na kuogopa. Wifi aliogopa. Wewe ulitaka kusifiwa, ukaisoma kama sifa.

Kuna makosa mengine manne. Ukurasa wa 22 jua linazama upande ule ule lilikochomoza ukurasa wa 9. Hilo bado hawajaliona. Wataliona.

Nakiri kwamba nililala vizuri wiki hiyo.

Sasa kuhusu kabati, ambalo hulikumbuki. Siku ile nilikwenda kuoga mchana, nikautundika ufunguo kwenye msumari wa mlango wa bafu. Nilipotoka kamba ilikuwa palepale na ufunguo upo. Lakini mimi nilikuwa nafunga fundo la kukaza, lile la mizigo. Kwenye kamba niliyoikuta palikuwa na fundo la kiatu, lenye masikio mawili. Nyumbani kwetu mtu mmoja tu alikuwa anafunga fundo hilo kwenye kila kitu, kwa sababu ndilo pekee alilojua, na ni mimi niliyekuwa nimemfundisha wiki iliyotangulia.

Mwalimu aliponiuliza nani alifungua, nilisema nilisahau kufunga. Alinivua usimamizi wa maktaba mbele ya darasa. Sikukutaja siku hiyo, wala kwa Baba, wala kwa mtu yeyote kwa miaka arobaini na minne. Halafu ukaandika kitabu, ukamfanya mfungua kufuli kuwa shujaa na mwenye kufuli kuwa jini, ukakipeleka mpaka kwenye mlango wangu.

Mguu wa mbwa ni kitu kidogo, Kidole.

Dada yako


11 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa miezi mitatu na nusu na karatasi mbele yangu. Natumai goti limekuachia. Wifi yako ni mzima, anakusalimu. Alisoma barua yako ya Novemba kabla yangu, akaiweka kwenye sahani yangu ya chakula.

Ni kweli. Nilitaka kujua nani alikuwa anagonga.

Unakumbuka tulipofikia. Fuko amechimba mwaka mzima kumtafuta dada yake aliyechukuliwa na mafuriko. Yuko chini ya stesheni, kucha zimekwisha, anataka kurudi, na upande wa pili wa ukuta anasikia mtu anagonga. Mara tatu. Ukafunga kitabu. Ukasema, "Kesho." Sikuweza kungoja kesho. Ulipoingia kuoga nilifungua kabati, nikakaa sakafuni, nikaanza kutafuta ukurasa. Kusoma kwangu kulikuwa kwa polepole, unajua, kwa kidole. Nilikuwa bado sijafika mstari wa pili niliposikia Baba anakohoa nyuma yangu. Alikichukua kitabu mikononi mwangu kwa upole kabisa. Akasema, "Karatasi nzuri hii." Alianza kuchana kutoka mwisho.

Nikaurudisha ufunguo, nikafunga fundo. Sikusema. Ulipokwenda shule na vile ishirini na viwili nilikuona unatoka mlangoni, na sikusema.

Nimeandika vitabu saba na katika vyote kuna mtu anagonga ukuta. Hakuna mhakiki aliyewahi kuliona hilo. Nadhani wewe uliliona.

Meno marefu niliyachora kwa sababu kila nilipojaribu kukuandika ulivyo, yule mtoto hakuonekana mwema.

Kwenye bahasha kuna muswada. Safari hii dada hana meno, Baba anavuta, mtoto anaiba ufunguo. Mwisho wa kitabu cha fuko nimeubuni mwenyewe, sikuwa na njia nyingine. Fanya unavyotaka. Ukirudi safi, nitaelewa, na sitauchapisha.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu Kidole,

Salamu kwako na kwa wifi. Goti limetulia tangu joto lianze. Mchana nasoma kitabu cha mafundi bomba, ni kigumu lakini kina michoro mizuri. Kitabu cha tuzo cha wiki hii kinahusu chura mwenye huzuni. Karatasi ya nyuma inasema: "Angeruka tu."

Muswada nimeusoma mara mbili, ya pili na penseli. Naurudisha ukiwa na alama mia moja na kumi na nne. Penseli imebaki urefu wa kidole gumba. Mengi utayaona mwenyewe. Machache nayaandika hapa usije ukajifanya hukuyaona.

Ukurasa wa 3. Kamusi ilikuwa ya jalada la kijani.

Ukurasa wa 8. Umeyang'oa meno kwangu ukampachika Baba. Yatoe. Alikuwa mtu wa kawaida, aliimba akichota maji, na alivuta vitabu kwa sababu karatasi ilikuwepo na yeye hakujua kusoma. Hilo la kusoma ulilijua na hujaliandika popote.

Ukurasa wa 14. Mtoto anaiba ufunguo "kwa bahati mbaya." Futa maneno hayo matatu.

Ukurasa wa 19. Dada "alilia siku tatu." Sikulia. Nilihesabu vitabu.

Ukurasa wa 40, wa mwisho. Umeandika kwamba aliyekuwa anagonga ni dada wa fuko. Siye.

Wakati ule sikujua, maana nilikuwa nasoma sura moja kwa siku kama wewe na sikuwahi kutangulia. Nakala nzima niliipata miaka kumi na moja iliyopita, kwenye sanduku la vitabu vilivyotupwa na shule moja. Jalada limeliwa na panya, kurasa zote zipo. Nilizisoma sura mbili za mwisho nikiwa nimesimama palepale. Nilitaka kukupigia simu siku hiyo. Nikakumbuka fundo la kiatu, sikupiga.

Kitabu hicho kiko hapa. Chumba hiki kina rafu arobaini zilizo wazi na kabati moja dogo nyuma ya dawati langu. Kabati lina kufuli, lile lile la fundi baiskeli. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Siuandiki mwisho kwenye barua. Usinipigie simu, usimtume wifi, usilete kijiko. Tunafungua saa mbili asubuhi. Mstari wa darasa la pili bado uko nje, na wewe utasimama nyuma yao. Zamu yako ikifika utaingia ndani, mbele yao wote, utakuja mpaka kwenye dawati, na utaomba.

Dada yako,
Bibi Kufuli